Nilianza chuo kwa hela ya mbio, nikamaliza kwa hela ya kemia

Napata meseji nyingi za vijana wanaotaka skolashipu ya michezo Marekani, hasa wakimbiaji, na karibu wote wanauliza kitu kimoja, nikimbie muda gani ndio kochi anichukue. Swali zuri na majibu yake yapo. Ila mimi nimeuishi huo mfumo pande zote mbili, kwanza kama mkimbiaji kwenye chuo cha umma cha saizi ya kati, Division I, yaani ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, halafu palepale nikawa msaidizi wa kufundisha kwenye maabara za kemia, na kama kuna kitu ningependa kila mtu akijue kabla hajapanda ndege ni hiki: ile hela inayokupeleka chuoni ina mtu anayeilipa, na siku ikipungua kuna watu wanaumia kabla ya wengine. Jina la chuo silitaji, walionipokea walikuwa watu wazuri na shida ninayoieleza haikuwa ya chuo kimoja.

Nianze na bili. Rumeti wangu wa mwaka wa kwanza alikuwa Mmarekani, kwao hawana hela, usiku alikuwa anaosha vyombo kwenye bwalo la chuo ili ada itimie. Jioni moja amekaa kitandani na laptop akaniita niangalie taarifa yake ya malipo. Ada ya masomo, bweni, chakula, afya, teknolojia, halafu kuna mstari umeandikwa ada ya michezo, mamia ya dola kwa semista moja. Akaniuliza kwa upole kabisa, hii ni ya jimu? Haikuwa ya jimu, jimu ilikuwa na mstari wake pale chini. Ile ilikuwa inaenda idara ya michezo, yaani mishahara ya makochi, safari, vifaa, na skolashipu za watu kama mimi. Yeye Jumamosi ya mechi alikuwa kazini, sijawahi kumuona akienda uwanjani, lakini kila semista alikuwa anachangia na hana namna ya kukataa kwa sababu usipolipa bili huwezi kusajili kozi. Na sehemu ya hiyo hela alikuwa anaikopa, kwa hiyo itarudi na riba juu. Kwenye bili yangu ule mstari ulikuwepo pia ila ulikuwa unafutwa na skolashipu.

Hakunilaumu hata kidogo. Lakini tangu siku ile kila nikifunga viatu vya mazoezi nilikuwa najua kwamba kuna mtu analala saa nane usiku mikono inanuka sabuni na sehemu ya jasho lake imenunua hivi viatu, na nikaanza kufuatilia hizi bajeti kwa bidii kuliko hata nilivyofuatilia matokeo ya mbio. Kwa vyuo vya umma taarifa nyingi zinapatikana, ni wewe tu kukaa uzisome.

Watu wengi wanaamini michezo ya vyuo Marekani inaingiza hela nyingi na hiyo hela ndiyo inasaidia masomo. Nusu yake ni kweli. Hela ipo, tena ya kutisha. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani iamue mwaka 1984 kwamba NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haina haki ya kudhibiti matangazo ya TV ya futiboli ya Kimarekani, kila ligi ikawa inauza mechi zake yenyewe na bei ikapaa. Ligi ya Big Ten mwaka 2022 ilisaini mikataba ya TV ya miaka 7 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Mashindano ya kikapu ya mwezi Machi yaliuzwa mwaka 2010 kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, halafu 2016 wakaongeza mkataba hadi 2032 kwa bilioni 8.8 nyingine. Mtu akisikia hizo namba anasema hawa jamaa wameshinda maisha.

Sasa angalia upande wa pili. Division I peke yake ina vyuo zaidi ya 350, na kwa hesabu za NCAA wenyewe za mwaka 2019, vyuo ambavyo idara zao za michezo ziliingiza zaidi ya zilichotumia vilikuwa 25 tu. Waliobaki wote, na chuo changu kilikuwa humo, matumizi yalizidi mapato na pengo likazibwa na chuo. Chuo kinatoa wapi? Kwenye ada za wanafunzi, kwenye mfuko mkuu ambao ndio huohuo unalipa walimu na maktaba, na kwenye hela ya jimbo, basi. Pale Chuo Kikuu cha James Madison, Virginia, mwanafunzi wa kawaida amekuwa akilipa zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya michezo, na hali ilifika mahali jimbo la Virginia likapitisha sheria mwaka 2015 ya kuweka ukomo wa kiasi ambacho michezo inaweza kutegemea ruzuku na ada za wanafunzi. Sheria kama ile haitungwi mahali ambapo mambo yako sawa.

Na hata wale wachache wanaopata faida, hela haishuki sana darasani. Kwa miaka mingi wachezaji hawakuruhusiwa kulipwa, kwa hiyo hela ilivyozidi kuingia ikatafuta pa kwenda, ikaenda kwa makochi na kwenye majengo. Nick Saban pale Alabama alifika kulipwa zaidi ya dola milioni 11 kwa mwaka. Texas A&M mwaka 2023 walimwondoa kochi wao Jimbo Fisher na kuvunja mkataba wake kuliwagharimu zaidi ya dola milioni 75, hiyo ni hela ya kumlipa mtu asifanye kazi. Kwenye majimbo mengi sana ukitafuta mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kuliko gavana, kuliko daktari bingwa wa hospitali ya chuo, utakuta ni kochi wa futiboli au wa kikapu.

Ukihoji utaambiwa hizi ni hela za wachangiaji, si za masomo. Ni kweli na ndipo ugumu ulipo. Mwaka 2019 Louisiana State walizindua jengo lao la futiboli lililokarabatiwa kwa dola milioni 28, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo kila mchezaji ana kiti kinachogeuka kitanda, na siku zilezile zikasambaa picha za maktaba yao inavuja maji. Watu wakakasirika, chuo kikajibu kwamba hela ya lile jengo ilitoka kwa watu binafsi. Ndiyo, ilitoka kwao. Mtu tajiri akitoa hela anaandika itumike wapi, na chuo hakiwezi kuichukua ikaziba paa la maktaba. Lakini kuna ofisi nzima ya watu wanaolipwa kumtafuta yule tajiri, kumkaribisha uwanjani, kumkalisha sehemu nzuri, na kwa miaka mingi hadi 2017 sheria ya kodi ilimruhusu aondoe kwenye mapato yanayokatwa kodi asilimia 80 ya mchango aliotoa ili apate haki ya kununua viti vizuri. Nani anamkaribisha tajiri aje aangalie bomba la maabara? Nilikaa idara ya kemia miaka, sijaona.

Na madeni yana tabia yake. Berkeley walikarabati uwanja wao wa futiboli, ambao umekaa juu kabisa ya ufa wa tetemeko wa Hayward, kwa zaidi ya dola milioni 300, mpango ukiwa kwamba mauzo ya viti vya bei kubwa yatalipa deni. Viti havikuuzika kama walivyotarajia, na baadaye chuo chenyewe kikabeba sehemu kubwa ya lile deni badala ya idara ya michezo. Nakiheshimu sana chuo kile, kina washindi wa Nobel wengi tu, lakini hela ya kulipa deni la uwanja kwa miongo mingi ni hela ambayo haitaajiri mwalimu.

Turudi kwangu. Kwenye michezo yenyewe pia kuna matabaka, na mkimbiaji anayajua vizuri. Kwa kanuni za wakati ule, timu ya futiboli ya ngazi ya juu ilikuwa na skolashipu 85, zote kamili. Riadha ya wanaume pamoja na mbio za nyika kwa ujumla wake ilikuwa na 12.6, na hizo 12.6 kochi anazigawa vipandevipande kwa watu thelathini na zaidi, kuanzia mrusha tufe mpaka mimi wa mita 5,000. Kochi wetu alikuwa na karatasi yake ya mahesabu, mwaka wa kwanza aliniita ofisini akanionesha kabisa, huyu asilimia 40, huyu 25, huyu analipiwa vitabu tu, wewe 60, na mtu akiumia goti basi mwakani asilimia yake inaweza kwenda kwa mwingine. Alinionesha kwa sababu alikuwa mtu mkweli, namshukuru hadi leo. Tangu 1973 skolashipu za NCAA zilikuwa za mwaka mmoja mmoja, ruhusa ya kuandika za miaka mingi ilirudi 2012, na kuruhusiwa si lazima, kwa michezo kama yetu kochi mwenye bajeti ndogo anaandika mwaka mmoja na wewe unasaini kwa furaha zote.

Hatukuwa na ndege. Kikapu walikuwa wanaruka, sisi tulikuwa tunajazana kwenye vigari vya abiria 12, kochi msaidizi anaendesha usiku kucha na mimi nimeegemea dirisha na kitabu cha kemia ya ogani nasoma kwa tochi ya simu. Nilikuwa nafurahi, sitaki mtu adhani nalalamika. Wakimbiaji wa Afrika Mashariki tuna historia ndefu na vyuo vya kule. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81, Suleiman Nyambui alikuwa anasoma Texas pale El Paso wakati anachukua fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow 1980, Mike Boit alikwenda kukimbia akaishia na udaktari wa falsafa na uprofesa. Bila hela ya michezo wengi wetu tusingefika pale. Mimi mwenyewe nisingefika.

Halafu kuna kitu kinaitwa mechi ya cheki, hiki wengi hawakijui. Chuo kidogo kinakubali kwenda kucheza futiboli kwa chuo kikubwa, kikapigwe mbele ya watu laki moja, na kinalipwa. Mwaka 2007 Appalachian State walilipwa dola 400,000 kwenda Michigan wakawafunga, dunia nzima ikashangaa, na 2022 Texas A&M wakawalipa dola milioni 1.5 na wakafungwa pia. Hizo ndizo zinakumbukwa. Nyingi zinaisha kwa timu ndogo kuumizwa, vijana wanarudi na magongo, na cheki inaenda kulipia safari za timu nyingine. Wa kwetu walikwenda pia. Jumatatu yake nilimkuta mmoja wao kwenye kituo cha kusomea cha wanamichezo bega limefungwa, akaniambia kwa fahari kabisa, kaka, tumewalipia nyie riadha msimu mzima. Nilimshukuru na nilikuwa namaanisha. Lakini hebu fikiria, bajeti ya chuo cha elimu inasimama kwenye bega la kijana wa miaka 20.

Mwaka wangu wa tatu tukaitwa ukumbini, timu yote ya wanaume. Mkurugenzi wa michezo akasimama akasoma karatasi, bajeti ya idara imekuwa na upungufu, baada ya tathmini ya kina riadha ya wanaume itafungwa msimu huu ukiisha. Ilichukua dakika chache sana. Wenye skolashipu asilimia yao itaendelea hadi mwisho wa mwaka unaofuata, anayetaka kuhama anaruhusiwa. Kochi alikuwa amekaa mstari wa mbele anaangalia sakafu, naye alikuwa amejua asubuhi ileile.

Wenzangu wengi hasira zao ziliwaangukia wasichana, kwa sababu kuna sheria ya mwaka 1972, Title IX, inayodai usawa wa kijinsia, na ikaonekana kama timu ya wanaume imekatwa ili mizani ikae sawa. Mimi nilikataa na bado nakataa. Wale dada tulikuwa tunakimbia nao asubuhi kwenye barafu, hawakuchukua kitu cha mtu. Mizani inaelemea kwa sababu upande wa wanaume kuna timu moja yenye watu zaidi ya mia na skolashipu 85, na hiyo haiguswi. Chuo kingeweza kupunguza futiboli hata kidogo tu, kulala hotelini usiku wa kabla ya mechi ya nyumbani kwa mfano, ndiyo, timu za futiboli huwa zinalala hotelini hata zikicheza kwenye mji wao wenyewe. Bajeti yetu nzima ya safari ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyokatwa, maana sisi hatukuwa na mtu wa kutusemea.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kwenye maandishi madogo. Asilimia 60 yangu iliendelea kama walivyoahidi, ila kulikuwa na nafuu nyingine, ya kulipa ada kama mkazi wa jimbo badala ya bei ya mgeni ambayo ni zaidi ya mara mbili, na ile nafuu ilikuwa imefungwa na uanachama wa timu. Timu hakuna, nafuu hakuna. Na mwenye viza ya mwanafunzi huwezi kwenda kutafuta kazi mjini, unaruhusiwa kazi ya ndani ya kampasi tu, isizidi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Aliyeniokoa ni profesa wangu wa kemia ya ogani, mama mmoja mkali ambaye alikuwa hajui hata kama nakimbia, alichojua ni kwamba nakaa mbele na narudisha kazi. Nikamweleza. Akanipeleka ofisi ya mkuu wa idara, wakafungua faili la mifuko midogomidogo ya skolashipu ya idara, mingine imeachwa na walimu waliostaafu, mingine na familia ya mwanafunzi aliyefariki, dola elfu moja hapa, elfu mbili pale. Hakuna mfuko hata mmoja uliokuwa mkubwa. Wakaunganisha kama minne, wakanipa na kazi ya stoo ya kemikali, na kwa sababu nimekuwa mwenye tuzo ya kitaaluma nikapata nafuu ya ada kwa mlango mwingine. Nilimaliza shahada ya kwanza hivyo. Baadaye wakanichukua shahada ya pili, ada imefutwa na posho ya kufundisha maabara juu. Mwaka ule nilikaa kwenye kiti nikaangalia hesabu: mbio zilinilipia sehemu, ubongo ukalipia kilichobaki, na ule wa pili haukuniuliza goti likoje.

Basi nikawa upande wa pili sasa. Maabara tuliyofundishia ilikuwa na makabati ya kufyonza hewa ya kemikali, yale yenye kioo cha kushusha mbele, na kadhaa yalikuwa yamefungwa kwa utepe wa njano kwa sababu feni zimekufa. Wanafunzi walikuwa wanasubiri zamu kwenye yaliyobaki, jaribio la masaa matatu wanafanya la kwao kwa saa moja na kidogo, mengine wanaangalia mwenzao. Maombi ya matengenezo yalikuwa yameandikwa, yamesainiwa, yamepelekwa, jibu ni bajeti ikiruhusu. Wasaidizi wa kufundisha tulikuwa tunabanana ofisi moja. Na nilikuwa najua, kwa sababu nilikuwa nimekaa kule, kwamba upande wa pili wa kampasi kituo cha kusomea cha wanamichezo kina kompyuta mpya, vyumba vya mtu mmoja mmoja, na walimu wa ziada wanaolipwa kwa saa. Nilikuwa mmoja wao, nilifundisha kemia pale jioni. Kazi nzuri, iwepo. Ila mwanafunzi anayeosha vyombo hakuwa anaruhusiwa kuingia pale hata kama ndiye aliyeilipia.

Pale kituoni ndipo nikaona kitu ambacho hakuna bajeti inayokiandika. Kulikuwa na mchezaji mmoja wa safu ya mbele ya futiboli, kijana mkubwa, mpole, akili ya sayansi anayo hasa, ukimwelekeza mizania ya kemikali anakurudishia maswali ambayo mwenyewe inabidi ukafikirie. Alitaka kuwa mfamasia. Maabara zetu zote zilikuwa mchana, saa nane hadi kumi na moja, na mazoezi ya futiboli yalikuwa mchana, saa nane na nusu. Mshauri wake wa masomo, ambaye analipwa na idara ya michezo, akamshauri abadilishe kozi kuu, achukue nyingine isiyo na maabara. Hakuna aliyemlazimisha, ni ratiba tu. Nikaenda kuomba idara yetu ifungue maabara moja ya asubuhi, wakaniambia hawana hela ya msaidizi wa ziada. Kwa hiyo upande mmoja una hela ila hauna nafasi ya maabara kwenye siku yake, upande mwingine una maabara ila hauna hela, na kijana yuko katikati anajaza fomu ya kubadilisha kozi. Alihitimu. Ufamasia hakusoma.

Hali ikiachwa inafika pabaya. North Carolina, chuo chenye heshima kubwa, uchunguzi wa mwaka 2014 ulionesha kwamba kwa miaka 18 zaidi ya wanafunzi 3,100, karibu nusu yao wanamichezo, walipitishwa kwenye kozi ambazo darasa halikuwepo, unaandika karatasi moja unapewa maksi. NCAA mwaka 2017 ikashindwa kuwaadhibu kwa hoja kwamba zile kozi zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Wachezaji walizalisha mamilioni na malipo yao yalikuwa elimu, na elimu yenyewe ndiyo hiyo.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na timu kubwa, mshindi wa kwanza wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1935, Jay Berwanger, alikuwa wa kwao. Rais wao Robert Hutchins akaifuta futiboli mwaka 1939, na chini ya majukwaa ya uwanja uleule, Desemba 2, 1942, wanasayansi wakafanikisha mmenyuko wa kwanza wa mnyororo wa nyuklia uliodhibitiwa na binadamu. Spelman, chuo cha wasichana weusi kule Atlanta, mwaka 2012 walitangaza kujitoa NCAA kabisa, karibu dola milioni moja ilikuwa inahudumia wanamichezo 80 kati ya wanafunzi 2,100, wakaihamishia kwenye mazoezi na afya kwa wote. Naipenda sana ile hesabu yao kwa sababu hawakuua michezo, waliigawa. Lakini ukijaribu mahali ambapo futiboli imeota mizizi ni vita. UAB, Chuo Kikuu cha Alabama cha mjini Birmingham, walifunga timu Desemba 2014, kelele zikawa kubwa hadi uamuzi ukageuzwa ndani ya miezi, 2017 timu ikarudi uwanjani. West Virginia mwaka 2023 bodi ilipiga kura kufuta kozi 28 na nafasi 143 za walimu kwa sababu ya upungufu wa dola milioni 45. Upungufu ule ulitokana zaidi na kupungua kwa wanafunzi, si michezo, niseme haki. Wanafunzi waliandamana kwa ajili ya kozi zao za lugha na hazikurudi.

Na si vyuo vyote viko hivi. Division III, ngazi ya tatu ya NCAA, hawatoi skolashipu ya michezo kabisa, na Ivy League, ligi ya vyuo vikongwe kama Harvard na Yale, pia. Kwenye vyuo vidogo vya binafsi hesabu ni tofauti, wanaanzisha timu ili kupata wanafunzi, kijana anakuja kwa sababu atacheza na analipa ada, kwa hiyo timu inajaza mabweni. Pale michezo kweli inalisha masomo.

Sasa hivi mambo yamebadilika tena na hapa wakimbiaji mnisikilize. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishitaki NCAA kudai malipo, fidia ya dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka ya nyuma, na chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kwa wachezaji wa futiboli ni haki iliyochelewa, yule mwenye bega lililofungwa alistahili. Lakini milioni 20 haitoki hewani. Kwa vyuo vilivyoingia kwenye mfumo huo ukomo wa skolashipu umeondolewa, umewekwa ukomo wa idadi ya watu, futiboli 105, mbio za nyika 17. Kinadharia kochi wa riadha anaweza sasa kutoa skolashipu kamili kwa wote. Kiuhalisia hela inafuata TV, na hata kabla jaji hajasaini, chuo cha Cal Poly, California, kilishafuta kuogelea Machi 2025. Na mwenye viza ya mwanafunzi hayo malipo ni hatari kwake, sheria ya viza haijabadilika kwa sababu NCAA imebadilika.

Kwa hiyo kijana ukizungumza na kochi, baada ya kumtajia muda wako wa mita 5,000, muulize skolashipu imeandikwa miaka mingapi. Muulize nafuu ya ada ya mgeni imefungwa na timu au na alama za darasani. Muulize mazoezi ni saa ngapi halafu ingia mwenyewe kwenye ratiba ya idara unayotaka kusoma uangalie maabara ziko saa ngapi. Angalia bajeti ya michezo ya chuo hicho, ruzuku na ada za wanafunzi ni sehemu gani ya mapato. Na kabla hujasaini, andika barua pepe kwa idara yenyewe, kemia, uhandisi, uuguzi, chochote unachoenda kusomea, uulize wana mifuko gani kwa wanafunzi wa kigeni, hata ya dola elfu moja.